Ukoo wa Kisauni 🐌

*Jumatano*

[19:42] Rukia: Asalaam alaykum jamaa. Ni Konokono, karavani letu, ile nyumba ya magurudumu. Leo nimepanda juu ya paa lake mwenyewe. Matundu matatu wazi: ilipotolewa AC, ilipotolewa feni, na zilipopita nyaya za sola. La AC peke yake ni sentimita 36 kwa 36, limefunikwa nailoni na matofali mawili. Masika ndiyo haya.

[19:44] Rukia: Plaiwudi ya paa nimeibonyeza kwa kidole, ikabonyea. Maji yashaingia kitambo. Na nyaya za feni ziko uchi, betri bado imeungwa!

[19:58] Rukia: Mwaona lakini?

[20:31] Hamisi: 👍

[20:35] Swaleh: Pakeni silikoni dada, kwisha maneno

[20:36] Rukia: Silikoni ndiyo iliyotuponza. Ile ya mwaka juzi imebanduka, na mpya haishiki juu ya kuukuu. Ikwanguliwe yote, pafutwe kwa spiriti. Tundu lizibwe kwa kipande cha plaiwudi ili skrubu zipate pa kuuma, kisha tepu ya butili (ile ya mpira inayonata), kisha bati la alumini linalozidi tundu sentimita 5 kila upande. Skrubu ziwe za stenlesi. Za chuma kwa hewa hii ya bahari hazimalizi mwaka.

[20:38] Mwanajuma: Lizibeni tundu kwa Swaleh, kitambi chake chatosha 😂

[20:38] Hamisi: 😂😂😂 kichwa kitokeze, awe antena

[20:40] Swaleh: Nitakula upepo bure bila AC

[20:41] Rukia: Jamani. Fundi wa boti za faiba wa Likoni ataka 9,000 na vifaa. Watu sita, 1,500 kila mmoja. Jumamosi saa moja asubuhi.

[20:52] Mwanajuma: Na AC iliuzwa ngapi? Aliyeuza ndiye azibe

[20:53] Swaleh: Usianze. Zile zilikwenda hospitali, wote twajua

[20:54] Mwanajuma: Wote nani? Mimi sikuambiwa. Kama nisivyoambiwa ya minazi

[20:55] Salma: _Ujumbe huu umefutwa_

[22:07] Ami Athmani: Nimesoma yote. Marehemu ndugu yangu alipanda paa lile kila mwaka kabla ya mvua, hata na ugonjwa alipanda. Bei ya AC sitaki kuisikia tena. Jumamosi baada ya alfajiri nitakuwa pale na ngazi. Atakayeona vyema mimi nipande, na abaki kwake.

[22:09] Rukia: Ami, hupandi. Tutakuja.

[22:10] Swaleh: Nimetuma 1,500

[22:48] Mwanajuma: Samahani Ami. Nitatuma. Ya minazi tutazungumza siku yake

*Alhamisi*

[06:15] Hamisi: Jumamosi hii? Mimi niko Voi hadi Jumapili

[06:16] Rukia: Na ufunguo uko kwako!

[06:40] Rukia: Hamisi?

[17:22] Rukia: Huku Changamwe yashaanza kunyesha. Nani yuko karibu na nyumbani akavute turubai juu ya Konokono? Akaze kamba, matofali hayatoshi.

[17:31] Rukia: Salma?

[18:05] Salma: Ndiyo natoka kazini