OpenFOAM ipo Linux, CalculiX ipo Windows: zinangojana tu, haziungani

Kijana_Makunduchi:
Assalaam alaykum wakuu. Napiga hesabu ya nguzo ya gati inavyotikiswa na mawimbi ya kusi. Maji yanahesabiwa na OpenFOAM kwenye kompyuta yangu ya Linux, nguzo inahesabiwa na CalculiX kwenye laptopu ya mwenzangu, Windows, tumeijenga kwa MSYS2 (vifaa vya kujengea programu kwenye Windows). Kiungo ni preCICE, maktaba inayozipeanisha namba programu mbili. Kila moja peke yake inakwenda vizuri. Tukiziwasha pamoja zinafika pale pa kutafutana, zinaganda. Hakuna kosa linaloandikwa, hata tukiziacha usiku kucha. Na mtandaoni kompyuta zinaonana. Tufanyeje?

Fundi_Soketi:
Waalaykum salaam. Kwa soketi, yaani mazungumzo ya programu kupitia mtandao, upande mmoja hufungua poti (mlango wa kupokelea mawasiliano) na kuandika anwani yake kwenye faili dogo ndani ya folda ya precice-run. Wa pili hulingojea faili hilo alisome. Nyinyi mna diski mbili: limeandikwa huku, linangojewa kule. Litafika vipi?

Wekeni kazi nzima kwenye folda moja ya pamoja, na kwenye faili la mipangilio la preCICE `exchange-directory`, yaani mahali pa kukutania, iwe ".." (folda ya juu yake) ili isigombane na njia za Windows. Halafu humo humo tazama `network`. Usipoijaza inakuwa "lo", yaani kompyuta inajisemesha yenyewe. Andika jina la kadi ya mtandao, na anayefungua poti awe Linux, kwa kuwa kadi unayoitaja ni ya kompyuta hiyo. Na faiawoli (ukuta wa ulinzi) ya kompyuta hiyo iiruhusu hiyo poti.

Bi_Mizani:
Mwanangu, hayo yote ya nini? CalculiX ni ya bure na kwao ni Linux. Ingekuwa programu yenye leseni ya Windows tu ningekuelewa. Ihamishie kwako yaishe.

Kijana_Makunduchi:
Bi Mizani, laptopu yake ndiyo yenye nguvu, na michoro anachorea humo.

Bi_Mizani:
Basi weka WSL2, yaani Linux inayokaa ndani ya Windows, kwenye hiyo laptopu, zote mbili ziende humo humo. "Lo" itatosha. Faili zikae ndani ya Linux yenyewe, si chini ya /mnt/c, yaani diski ya Windows, huko kusoma na kuandika ni kwa kujikokota.

Mpemba_wa_Namba:
Na asije mtu akakwambia FMU, yaani modeli iliyofungashwa ili programu nyingine iiendeshe, itakuvusha. Ile ni zipu: ifungue, tazama folda ya binaries. Ukikuta win64 peke yake, Linux haiendeshi.

Kijana_Makunduchi:
Ahsanteni sana, kwa WSL2 zimeungana papo hapo! Lakini sasa nguvu kwenye nguzo inapanda kila hatua, namba zinaruka mpaka programu inakufa. Nimejaribu kupunguza hatua ya muda, ikazidi.

Fundi_Soketi:
Kwenye mipangilio ya preCICE umeandika serial-explicit, yaani wapeane namba kwa zamu, mara moja kwa hatua, siyo? Maji ni kilo 1,000 kwa mita ya ujazo, zege ni kama 2,400. Nguzo ikisogea inasukuma maji mazito, hayapuuziki kama hewa. Kupeana namba mara moja kwa hatua hakutoshi, na kwa maji yasiyobanika, hatua ndogo ya muda ndiyo huchochea zaidi. Hatua ya muda irudishe ilivyokuwa, weka parallel-implicit pamoja na IQN-ILS (njia ya kuharakisha makubaliano), warudie hatua ile ile mpaka wakubaliane. Itakwenda taratibu, ivumilie. Bado ikiruka, tuletee logi.