MJADALA: Filamu fupi ya kutisha irushwe mtandaoni bure ikikamilika tu, au izungushwe matamashani kwanza?

Mleta mada: Wakuu, watengenezaji wanaojitegemea wamegawanyika hapa. Mimi nasema irushwe. "Lights Out" ya David F. Sandberg, Sweden, 2013, haifiki hata dakika tatu: mwanamke mmoja, nyumba moja, swichi ya taa. Mtandao ndio uliomfikisha Hollywood, na mwaka 2016 akaongoza filamu ndefu iliyotokana nayo. Ada za kuwasilisha kwenye matamasha zinakula pesa ambayo ingekodi taa.

Pazia: Mfano mmoja haujengi hoja. Jennifer Kent wa Australia alianza na filamu fupi "Monster" mwaka 2005, ikapita matamashani, na ndiyo iliyozaa filamu ndefu "The Babadook" ya 2014. Tena kuna kanuni. Kwa Oscar, filamu fupi ni isiyozidi dakika 40 pamoja na majina ya mwisho, na ukiionyesha hadharani mtandaoni kabla haijapata sifa ya kushindana, umejitoa mwenyewe. Ukingoja, YouTube haiendi popote. Ukirusha, hurudishi.

Kibatari: Oscar kwa mzuka wa dakika nne? Tuwe wakweli. Matamasha mengi ya filamu za kutisha yanapokea hata kilichokwisha kurushwa. Yanayodai onyesho la kwanza huandika hivyo kwenye masharti. Soma masharti kabla ya kulipa ada, basi.

Fundi Sauti: Mnabishania tarehe, wakati uamuzi huu unafanyika kabla kamera haijawashwa. Ule mngurumo wa hezi 40 unaotikisa viti ukumbini, kwenye spika ya simu haupo kabisa. Mtazamaji anaona mtu anatetemeka kwa sababu asiyoisikia. Ukilenga simu, ongeza juu ya mngurumo huo sauti za hezi 200 hadi 500, mbao inayolia au pumzi ya karibu, kisha sikiliza kwenye simu yenyewe, bila spika za masikioni.

Jambo la pili ni kishindo. YouTube hushusha sauti iliyozidi takriban LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti inavyosikika), lakini kwa kawaida hainyanyui iliyo chini. Anayejaza muziki mzito mwanzo hadi mwisho anashushiwa filamu yote, na kishindo chake kinashuka nayo. Kinachoshtua ni tofauti. Punguza sauti ya sekunde kumi za kabla, acha sauti ya chumba tu (usikate kimya kabisa, mtu atadhani simu imeharibika), ndipo upige kishindo.

Pazia: Kwa hiyo matoleo mawili?

Fundi Sauti: Sauti mbili, picha moja. Ya ukumbini ichanganywe upya kwa chaneli 5.1 (spika tano kuzunguka watazamaji na moja ya mngurumo) mahali penye spika zilizopimwa. Kupeleka ile ya simu ukumbini ndiko kunakofanya watu wazibe masikio badala ya kuogopa.

Kibatari: Picha nayo si moja, ndugu. Giza la ukumbini likibanwa na mtandao linageuka mabaka ya mraba. Wengi hupiga gizani kwa ISO kubwa (wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Chenga zinazotokea zinakula data, na mzuka kwenye kona unamezwa. Washa taa zaidi ya unavyotaka ionekane, piga kwa biti 10 (hatua nyingi zaidi za rangi na vivuli) kama kamera inaruhusu, kisha shusha mwanga wakati wa kurekebisha rangi. Hata kama ulipiga kwa 1080, toa faili ya 4K (picha yenye nukta nyingi zaidi), kwa sababu YouTube huibana vizuri zaidi. Jaribio ni jepesi: simu, mwanga wa skrini nusu, chumba chenye mwanga. Usipouona mzuka, mwenzio hatauona.

Mleta mada: Hapo mnanipa nguvu. Kama filamu imeshaandaliwa kwa watazamaji wa simu, inangoja nini mwaka mzima?

Pazia: Inangoja ukumbi wenye watu wasioweza kuipeleka mbele kwa kidole. Filamu inayojenga hofu polepole, dakika tatu bila tukio, ukumbini inafanya kazi. Mtandaoni inaachwa kabla ya mlango kufunguka. Wapanga ratiba wa matamasha nao wana hesabu yao: kipindi cha dakika 90 kinabeba filamu tisa za dakika kumi. Ukileta ya dakika 22 unaomba nafasi za wawili, kwa hiyo iwe nzuri mara mbili.

Kibatari: Ila anayechagua njia hiyo asitume kiungo kisicho na nenosiri. Kiungo "kilichofichwa", kisichoonekana kwenye utafutaji lakini kinachofunguka kwa yeyote aliye nacho, husambaa, kikishasambaa huna tena onyesho la kwanza la kumuuzia yeyote.

Mleta mada: Sawa, dakika 22 zipelekeni huko. Chini ya tano sijasikia bado sababu ya kungoja.