Bibi yangu marehemu amesomwa leo kwenye orodha ya wadaiwa, halafu wanauliza waumini wameenda wapi

Wakuu, ndiyo kwanza nimetoka kanisani, hata viatu sijavua. Mikono inatetemeka, kama kuna herufi nimekosea mnisamehe.

Ni yule mzee. Mnamjua. Yule wa daftari la kijani, sina haja ya kumtaja, maana aliyesali dhehebu letu hata wiki mbili tu keshakutana naye. Leo mahubiri yamekwenda dakika kumi na mbili. Matangazo yamekwenda saa nzima na ushee, na matangazo yenyewe ni geti. Geti, geti, geti! Geti jipya la kanisa, refu utadhani Wafilisti wanakuja na magari ya vita. Na humo ndani tunakolindwa tumebaki wangapi? Zamani benchi moja tulibanana watu wanane na watoto mapajani. Siku hizi kila mtu ana benchi lake, unaweza kujinyoosha ukalala, na jirani wa kumpa mkono wa amani unamfuata kwa nauli.

Basi akafungua orodha ya wasiomaliza ahadi zao za mchango. Anasoma jina moja moja kwa kipaza sauti, kama hakimu. Akafika kwa bibi yangu.

Bibi yangu tumemzika miezi minne iliyopita. Msibani hakukanyaga mzee wa kanisa hata mmoja, kwa sababu siku hiyo walikuwa na kikao. Kikao cha geti.

Nikanyoosha mkono, nikasema, "Mzee wangu, huyo tulishamzika." Akanyamaza. Kanisa zima likanyamaza. Mimi nikajua anatafuta neno la pole. Akachomoa kalamu sikioni, akauliza, "Sasa ahadi yake, kwenye familia nani anaibeba?"

Kalamu, wakuu. Alichomoa kalamu.

Huyo bibi alifundisha watoto shule ya Jumapili mpaka magoti yakakataa. Alipougua, miaka miwili hajaonekana kanisani, na hakuna aliyeuliza yuko wapi. Mchungaji wa kumletea meza ya Bwana nyumbani hakupatikana. Bahasha ya ahadi ilimfikia! Bahasha ilijua njia, ilijua mlango, ilijua hadi kitanda. Kristo anasimulia mchungaji aliyewaacha kondoo tisini na tisa akamfuata mmoja. Wetu hawa wanamfuata huyo mmoja ili wamnyoe sufu.

Na kila mwaka wanahubiri yule mjane wa senti mbili. Fungueni Marko 12. Mjane yuko mstari wa 41 hadi 44. Sasa rudini mistari michache tu nyuma, wa 38 hadi 40: Yesu anawaonya watu juu ya waandishi wanaopenda mavazi marefu na viti vya mbele, wanaokula nyumba za wajane. Hiyo mistari sijawahi kuisikia mimbarini kwetu. Sijawahi!

Kamati ya geti inakutana kila wiki. Kamati ya uinjilisti mara ya mwisho imekutana lini, hata mwenyekiti wake hakumbuki. Vijana niliopata nao kipaimara nikiwahesabu, waliobaki hawamalizi vidole vya mkono mmoja. Mwaka mzima hakuna aliyewapigia simu hata kuwasalimia. Lakini majina yao yamo kwenye lile daftari, na deni limeandikwa mbele.

Nikifumba macho naiona ile kalamu.

Bahasha Tupu: Mleta uzi pole. Ila jibu swali, bibi alikuwa amemaliza ahadi au hajamaliza?

Mwana wa Sayuni: Hahaha huyu naye ametumwa na mzee wa daftari.

Kengele ya Pili: Uzi mrefu kuliko hayo mahubiri ya dakika kumi na mbili. Ungempa yule mzee jibu lake palepale. Umekaa kimya kama kondoo, halafu povu unakuja kututolea sisi.

Mleta uzi: Ulitaka nifanye nini, nimnyang'anye kalamu madhabahuni? Mama yangu alikuwa pembeni analia. Nilimshika mkono tukatoka. Na tulipokuwa tunatoka, yule mzee aliendelea na jina linalofuata. Hata nukta hakuweka.

Babu wa Benchi la Nyuma: Vijana mnapenda kulalamika. Kanisa haliendeshwi kwa hewa. Watu wanapungua kwa sababu ya dunia na simu zenu, msimsingizie mzee wa watu.

Mpita Njia: Babu, simu zipo na watu walishaanza kuondoka kabla yake. Marekani kampuni ya Gallup imekuwa ikiuliza watu kama ni washirika wa kanisa, sinagogi au msikiti tangu 1937. Mwaka 1999 waliosema ndiyo walikuwa asilimia 70. Mwaka 2020 wakashuka hadi 47, mara ya kwanza chini ya nusu. Na Ujerumani ndiyo mkasome vizuri. Kule kuna kodi ya kanisa, asilimia 8 au 9 ya kodi yako ya mapato, na ukitaka kutoka unakwenda kujiondoa rasmi kwa mamlaka ya serikali. Mwaka 2012 maaskofu Wakatoliki wakatoa tamko kwamba aliyejiondoa hapewi sakramenti, na hata maziko ya kanisa anaweza kunyimwa. Mwaka uliofuata ikafumuka habari ya askofu wa Limburg, makazi yake yamejengwa kwa euro kama milioni 31. Watu waliona. Mwaka 2022 pekee walijiondoa Wakatoliki zaidi ya 500,000. Kashfa za unyanyasaji zimechangia sana, lakini usiniambie ni simu.

Mleta uzi: Asante sana mkuu. Kumbe la bibi lina ndugu zake huko: hujalipa, hatukuziki. Wetu amekwenda mbele zaidi, ukizikwa bado unadaiwa.

Babu wa Benchi la Nyuma: Hayo ni ya Wazungu.

Mwana wa Sayuni: Babu, kwenu mko wangapi ibada ya kwanza?

Babu wa Benchi la Nyuma: Hilo ni suala lingine.

Soprano Mkuu: Geti ni afadhali. Sisi kwaya tumeshonewa sare ya tatu mwaka huu, na kitabu cha nyimbo tunachangia mmoja watu watano. Tena sare yenyewe ukiinua mikono kusifu, mshono wa kwapani unaachia.

Mwenye Ufunguo: Sare mlichagua wenyewe, dada. Sisi kwetu shida ni spika. Zimenunuliwa kubwa kama kabati, wasikilizaji arobaini. Wazee wanakaa nje wakiziba masikio, halafu kiongozi wa sifa anasema Roho ameshuka.

Kengele ya Pili: Spika ndiyo imefukuza watu kuliko hata bahasha! Mama mkwe wangu amehama dhehebu kwa ajili ya spika.

Soprano Mkuu: Anayeongeza sauti ni mpiga kinanda, siyo kwaya. Kwaya tukishusha, yeye anapandisha.

Mleta uzi: Jamani, ninazungumzia mtu aliyekufa. Matendo sura ya 6, mitume waliposikia wajane wanasahauliwa, waliteua watu saba wenye sifa njema washughulikie jambo hilo. Saba! Kwetu hakuna hata mmoja wa kuweka alama kwenye daftari kwamba huyu amefariki.

Bahasha Tupu: Tumekuelewa mkuu, pole tena. Mpiga kinanda ni yule wa kofia?

Soprano Mkuu: Huyohuyo. Na mazoezi haji.

Mwenye Ufunguo: Haji kwa sababu hajalipwa tangu walipoanza geti. Muulizeni mwenyewe.

Kengele ya Pili: Kwani mpiga kinanda analipwa? Kwetu ni kujitolea.

Soprano Mkuu: Ndiyo maana kwenu mnaimba bila kinanda.