Hema au "hema ya kishua" Hermanus mwisho wa mwezi wa 9? Tunataka nyangumi na mashamba ya zabibu

Mzabibu_Dom

Wakuu habari za jioni. Tuko wanne, mimi na wife pamoja na shemeji na mume wake, tumepanga Afrika Kusini mwisho wa mwezi wa 9, na sio ile ya kwenda Cape Town kupiga picha na mlima halafu mall halafu kurudi, hapana, tunataka kulala nje, bahari iwe karibu na mashamba ya zabibu yawe jirani. Nimechimbachimba naona watu wanaitaja sana Hermanus na lile bonde la Hemel-en-Aarde, ni kama kilomita 120 kutoka Cape Town, na muda huo nyangumi wapo. Mimi mtu wa Dodoma, zabibu nimekua nazo, ila zabibu na bahari sehemu moja sijawahi kuona.

Sasa: hema tunalo, ndo tunaendaga nalo Mikumi, tulibebe au tulipie zile hema za kishua zenye kitanda na bafu? Shemeji hanywi kabisa, kwenye kuonja waini atakaa anatuangalia tu? Na usafiri je, basi zipo au lazima gari? Bajeti ya kawaida ila hatujinyimi. Wazoefu karibuni.

mbeya_mpaka_kaap

Karibu mkuu, mie naishi huku. Nianze na hali ya hewa maana ndio itakujibu swali la hema. Huku mvua ni za winter, mwezi wa 5 mpaka wa 8, mwezi wa 9 wanasema spring lakini usidanganyike, kuna siku jua kali mnakula nje na fulana, kesho yake baridi inaingia kutoka baharini na upepo na mvua ya kulala mlalo, na hema la Mikumi kwa ule upepo utalala umelishika nguzo. Ukiwa Mikumi unaomba hewa ipite, huku unaomba isipite. Usiku digrii zinaweza kushuka kumi au chini yake. Kwahiyo hema mje nalo kama ni la kuhimili upepo kweli na mna sleeping bag za maana, otherwise gawanyeni safari, siku za mwanzo kambi ya kawaida ufukweni, za mwisho hema ya kishua shambani.

Kwa kambi za kawaida kuna Onrus Caravan Park, iko dakika chache kabla hujafika Hermanus, pembeni ya bahari kabisa na ina miti mizee iliyojipinda inayokukinga upepo, omba sehemu iliyo ndani ya miti usikubali ya mbele eti kwa sababu ya view. Kuna na Palmiet kule Kleinmond, mto unapoingia baharini, pazuri ila wazi zaidi. Za kishua cheki AfriCamps ya Stanford Hills, iko ndani ya shamba la waini lenyewe nje kidogo ya kamji ka Stanford, hema zina jiko na bafu humohumo. Na hapo ndio ushauri wangu mkubwa, siku ya kuonja LALENI SHAMBANI. Huku kiwango cha pombe kwenye damu ya dereva ni chini ya 0.05 na trafiki wa weekend hawana masihara, bonde lenyewe barabara ni moja tu, R320, ukitoka farm ya tatu umechangamka hakuna njia ya panya.

Kingine, tarehe 24 mwezi wa 9 ni sikukuu, Heritage Day, wenyewe wanaiita siku ya braai yani nchi nzima inachoma nyama, na shule huwa zinafunga karibu na hapo, halafu Hermanus ina tamasha la nyangumi mwisho wa mwezi huohuo au mwanzo wa wa 10. Kambi zinajaa. Book sasa hivi, sio mwezi wa 8.

Kevo254

Niaje wasee. Gari ni lazima, basi zitakuacha town na mashamba yote yako nje. Uzuri wanaendesha left kama kwetu. Ile kitu itawasumbua ni card, kampuni mingi za kukodisha zinataka credit card iko na jina ya dereva mwenyewe ndio washike deposit, debit wengine wanakataa hapo kaunta, kuna kampuni ilitushikilia airport karibu lisaa juu ya hiyo story. So ulizeni kwa email kabla ya kulipa chochote.

Mkitoka Cape Town msipite N2 ya Sir Lowry's Pass, hiyo rudini nayo. Endeni na R44 kutoka Gordon's Bay, wanaiita Clarence Drive, mlima kushoto bahari kulia mpaka Rooiels, ni polepole lakini hamtajuta. Simameni Betty's Bay pale Stony Point muone penguin, hao unaeza dhani ni kuku wa jirani vile wanapita. Lakini hiyo stretch yote ina nyani na hawa si wale wa kuomba ndizi, mlango wa gari wanafungua. Fungeni lock hata mkitoka dakika mbili, na chakula isionekane kwa kiti.

shangazi_wa_Tanga

Mwanangu kwanza msalimie shemeji, mwambie asiogope. Mie sinywi na nimezunguka mashamba yale na mume wangu, hakuna anayekushangaa. Sehemu nyingi wana juisi ya zabibu, chai, kahawa, na wengine chakula chao ndio hasa kinachowaleta watu, unakaa unakula sahani ndogondogo huku wenzio wanazungusha glasi wananusa. Na dereva mmeshampata hapo, kwahiyo mgharamieni lunch nzuri.

Ila jipangeni kisaikolojia kuhusu mizabibu yenyewe, huko wanavuna mara moja kwa mwaka, Januari mpaka Machi hivi, sio kama kwenu Dodoma mara mbili. Mwisho wa mwezi wa 9 ndio kwanza inachipua, utakuta vishina vyeusi vimepangwa mistari na vijani vidogo kama sikio la panya. Wenye ndoto za kupiga picha na vichane vya zabibu watatoka wamenuna. Mimi niliipenda hivyohivyo, milima inakuwa kijani na hakuna msongamano ndani ya mashamba.

Na nyangumi msilipie boti siku ya kwanza! Hermanus ina njia ya miguu juu ya majabali, kama kilomita 12 kutoka bandari mpya mpaka Grotto Beach, kaeni kwenye benchi na chai ya chupa. Wale wa kule hawana pezi mgongoni, kwahiyo unatafuta mgongo mweusi laini na mabaka meupe kichwani, na wakipumua yale maji yanatoka yamegawanyika mara mbili kama herufi V. Mara nyingine mama na mtoto wanakuja karibu hadi unasikia ile pumzi. Baharini kuogelea sahau, maji ya baridi kule, sio ya Pangani.

Mzabibu_Dom

Shangazi marahaba nyingi, eh nimekosea, shikamoo 😂 Wife kasoma hapo kwenye vishina vyeusi kanyamaza kimya, nadhani ile gauni nyeupe haisafiri tena. @mbeya nimekuelewa, tunagawa, Onrus halafu Stanford. Swali la mwisho, waini ipi hasa ya bonde lile, na vitu gani tusibebe toka nyumbani?

mbeya_mpaka_kaap

Pinot Noir (zabibu nyeusi) na Chardonnay (zabibu nyeupe), ndio sifa ya bonde. Zinapenda ubaridi, na ule upepo wa baharini unaokusumbua wewe kwenye hema ndio unaozipoza. Aliyeanzisha ni Hamilton Russell mwaka 1975, jamaa alikuwa anatafuta sehemu ya baridi kusini zaidi ya walipozoea wenzie. Nendeni kwao, halafu Bouchard Finlayson hapo jirani, halafu Creation juu kabisa kwa ajili ya msosi, book meza. Mashamba matatu kwa siku yanatosha, la nne hamtalikumbuka.

Msibebe mtungi wa gesi, ndegeni hauingii, nunueni huku. Kuni za braai zinauzwa kwenye mifuko mpaka petrol station, ulizeni za rooikrans, ule mti uliletwa kutoka Australia ukavamia fukwe zote kwahiyo mkiuchoma mnasaidia nchi. Umeme wa kambini unatumia plagi kubwa ya bluu ya pini tatu za duara, ile adapta ya airport haiingii, ulizeni kambi kama wanaazimisha waya au mpite duka la camping Somerset West. Bebeni kadi ya manjano, masweta, na headlamp. Visa hamhitaji kwa siku 90.

Kevo254

Na makende ya kutosha ya kulala nje hiyo baridi 😂

shangazi_wa_Tanga

Kevo! Kuna wakubwa humu.