Maneno ya Kiarabu ya kutembea, kweli kila mwendo una jina lake?

bint_langoni:
Asalaam alaykum jamani. Niko na swali la lugha. Nasoma Kiarabu jioni hapa Lamu na mwalimu katupa karatasi ya maneno ya kutembea tu, darajan, khataran, dalif, hadajan, rasafan, harwala, tabakhtur, na ukigeuza nyuma bado yanaendelea 😅 ataka tuhifadhi yote. Sasa haya kila moja lina maana yake ama ni yaleyale? Na nikiyatumia kwa Mwarabu wa leo atanielewa au atanicheka?

kanzu_nyeupe:
Waalaykum salaam dadangu. Hiyo karatasi yanukia Thaalibi, yule wa Nishapur aliefariki 1038, kitabu chake Fiqhul Lugha ndio kazi yake hiyo, achukua jambo moja alichambua mpaka basi. Si yaleyale hata kidogo. Usiangalie mwendo peke yake, angalia nani anaekwenda. Mtoto ndio kwanza aanza kutembea, darajan. Kijana anaejitikisa kwa nguvu zake, khataran. Mzee wa hatua fupifupi, dalif. Aliyelemewa na mzigo, hadajan. Na rasafan ni wa aliefungwa pingu miguuni, yaani umtoe pingu na neno lenyewe halina kazi tena.

punda_wa_shela:
Huyo mwalimu naye awatwika mpaka mwaenda hadajan nyinyi wenyewe 😂 Mwarabu wa leo ukimwambia dalif wengi watakwenda kufungua kamusi, harwala na tabakhtur (mwendo wa maringo) hayo watakuelewa. Mimi ningeanza na ya Qurani manake tayari tunayasoma kila siku ila hatusimami tukaangalia. Furqan aya ya 63, waja wa Rahmani wanatembea hawnan, kwa utulivu. Luqman 18 wakatazwa marahan, kwa majivuno. Halafu Qiyama 33 kuna yatamatta, yule aliekadhibisha akageuka akenda kwa watu wake akijinyoosha kwa maringo, hilo mimi lanichekesha kila nikilifika, wamuona mtu kabisa.

kanzu_nyeupe:
Hapo kwa hawnan ongeza, si kujilegeza ukenda kama maiti. Mwanachuoni Ibn al-Qayyim katika kitabu chake Zadul Maad ataja aina kumi za mwendo, na wa kujifisha autia kwenye mibaya. Na tabakhtur pia si haramu kila pahali, swahaba Abu Dujana vita vya Uhud alijifunga kitambaa chekundu akapita akijitapa baina ya safu, Mtume (s.a.w.) akasema huo ni mwendo Mwenyezi Mungu auchukia isipokuwa pahali kama hapa.

mamake_aisha:
Shukran ila msitufanye sisi hatuna kitu. Kunyata, kuchechemea, kudemadema, kujikongoja, kupepesuka, kwenda kwa madaha, hizo mbona hamuzisemi, na punda ana mwendo wa matiti na wa shoti, Usita wa Mui, ile njia kuu ya mjini Lamu, saa ya watu wengi hata mtoto ajua kuzitenga, lazima ujue ni ipi inayokuja ndio ujue kama wahama ndiani au wabaki 😄 Binti, kila neno la mwalimu litafutie mwenzake la kwetu, litakukaa kichwani.

bint_langoni:
Ahsanteni sana, mama hilo nitalifanya leo leo. Swali la mwisho, ramal na harwala? Mwalimu kaziweka pamoja nikashindwa kutenganisha.

kanzu_nyeupe:
Kwa matumizi yetu ya hija, ramal ni kwenye mizunguko mitatu ya kwanza ya tawafu ya mwanzo, yaani kuzunguka Kaaba, hatua fupi za haraka na mabega yatikisika. Harwala watu waitumia zaidi kwa ule mwendo baina ya taa za kijani kwenye sai, yaani kwenda baina ya Safa na Marwa, haujawa mbio na si kutembea. Zote mbili za wanaume, wewe ukenda utatembea kawaida. Ramal ilianza umra ya mwaka wa 7 Hijria, washirikina wa Makka walisema hawa homa ya Madina imewamaliza, Mtume akawaamrisha maswahaba waende hivyo ili waonekane wana nguvu.

punda_wa_shela:
Sasa hapo mwalimu akiuliza mwambie ramal ni khataran yenye sababu, uone atasemaje

kanzu_nyeupe:
Usimwambie hivyo, atakuongezea karatasi.