Tumeanza kutumia maziwa ya ng'ombe wetu, naombeni ushauri

MamaPacha
Habari zenu wapendwa. Ng'ombe wetu amezaa mwezi uliopita, na ndama akishashiba tunabaki na lita 6 hivi kwa siku. Miaka yote tulikuwa tunanunua ya pakiti. Mume wangu anataka tuyanywe mabichi, yakiwa bado na joto la kiwele, anasema ukichemsha unaua faida yote. Mimi roho inasita. Pacha wangu wana miaka 3 na nina mimba ya miezi 5. Halafu juzi nilijaribu mtindi, nikaacha maziwa mabichi kwenye bakuli usiku kucha. Asubuhi nikakuta maji chini na bonge linaelea juu, lina vitundu kama sifongo, linanuka. Nilikosea wapi?

Mkamuaji
Hongera kwa ndama, dada. Hilo bonge lenye vitundu mwaga. Vile vitundu ni gesi ya vijidudu, mara nyingi vile vinavyotoka kwenye kinyesi. Kiwele kinaonekana safi kwa macho, lakini mkia ukipiga mara moja tu juu ya ndoo, basi. Na kwa hali yako mabichi usionje hata kijiko. Kuna kijidudu kinaitwa Listeria, kinaweza kutoa mimba huku mama mwenyewe akihisi kama ana mafua tu. Kwa pacha, kuna aina ya E. koli, kijidudu cha kwenye utumbo na kinyesi, inayoharibu figo za watoto wadogo.

Ndugu wa Zizi
Tusitishane jamani. Mimi nakunywa mabichi tangu utotoni na sijawahi kuumwa. Usafi tu.

Bi Mkubwa
Mwanangu, nami nilisema hivyohivyo. Kisha homa ikaanza, inakuja jioni, inaondoka, inarudi. Kiuno na magoti vinauma, usiku shuka linalowa jasho. Nilitibiwa hiki na kile miezi kadhaa mpaka damu ilipopimwa ikaonekana ni brusela, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu. Dawa aina mbili, wiki 6. Ng'ombe wangu alikuwa mnene, anang'aa, mikono yangu naiosha kwa sabuni. Brusela na kifua kikuu cha ng'ombe vinaweza kuwa ndani ya maziwa yenyewe, usafi wa ndoo hauvigusi. MamaPacha, muite daktari wa mifugo ampime. Na hata akikutwa mzima, chemsha.

MamaPacha
Pole sana Bi Mkubwa. Je, ile faida anayoisema mume wangu?

Mkamuaji
Protini na kalisi zinabaki palepale. Vitamini kadhaa hupungua kidogo, si za kukuhangaisha. Viwandani wanapasha nyuzi 72 kwa sekunde 15, au nyuzi 63 kwa dakika 30, inatosha. Nyumbani bila kipimajoto, yachemshe huku unakoroga mpaka yapande, kisha epua.

Sasa mtindi. Maziwa yakishachemka yapoze mpaka kidole safi kivumilie ukihesabu hadi 10, kama nyuzi 45. Kwa kila lita changanya vijiko 2 vya mtindi mtupu usio na sukari, wenye vijidudu hai. Yakiwa ya moto zaidi ya hapo unaviua, yakipoa mno vinalala. Funika, fungia blanketi, acha muda wa saa 6 hadi 8. Usitikise wala usifunue kuchungulia! Ukiganda, peleka penye baridi.

Kitu kimoja wengi hawakijui: ng'ombe akidungwa antibiotiki, maziwa yake hayatumiki mpaka ziishe siku alizosema daktari. Na ukiyatumia, mtindi unaweza kukataa kuganda kabisa.

Samli Safi
Siagi: engua malai ya maziwa yaliyochemshwa na kulala kwenye baridi, jaza chupa nusu tu, tikisa. Ukisikia kishindo cha donge ndani, imetoka. Ioshe kwa maji baridi ya kunywa mpaka maji yasiwe meupe tena, la sivyo itachacha mapema. Jibini iache kwanza, uzoee mtindi.

MamaPacha
Nimerudi. Mume wangu amesoma yote, alipofika kwa Bi Mkubwa akairudia mara mbili. Daktari amekuja leo kuchukua damu ya ng'ombe, tunasubiri majibu. Mtindi wa jana umeganda, nikichota kijiko shimo linabaki wazi. Pacha wamemaliza bakuli.