Jogoo wa kienyeji: chungu cha umeme, presha au mkaa?

MamaKorosho: Wandugu, naomba ushauri. Natoka hapa Shangani saa 12 na nusu asubuhi, narudi jioni watoto wana njaa. Dada yangu kanipa chungu cha umeme kinachopika taratibu. Mara ya kwanza niliweka kuku wa kisasa kwa muda wa saa 8, moto mdogo. Mifupa ikachomoka yenyewe, nyama ikawa nyuzi nyuzi, mchuzi majimaji. Nikaja kumweka jogoo wa kienyeji, hapo nikashangaa: paja laini, na mchuzi ukipoa unaganda. Niendelee nacho, ninunue presha ya umeme, au nirudi kwenye mkaa?

FundiLindi: Dada, kwa upande wa LUKU usiogope. Changu kina wati 200. Saa 6 ni uniti 1.2, hata kisipopumzika kabisa. Presha ya wati 1000 ikiwaka dakika 40 inakula kama uniti 0.7. Tofauti ni ndogo. Presha inamfaa aliyechelewa kurudi, wewe unahitaji kinachopika ukiwa kazini.

BintiNewala: Mimi bado niko na mkaa. Jogoo anachemka kwanza, kisha napunguza moto, nafukia makaa kwa majivu. Ladha ya moshi huipati kwenye umeme. Ila lazima mtu awepo.

ShangaziMikindani: Mwanangu MamaKorosho, majimaji yalitokana na kumwaga maji kama unapika kwenye sufuria. Kile chungu mvuke wake hautoki, unagonga mfuniko na kurudi ndani. Jogoo mzima aliyekatwa vipande, nusu kikombe cha maji kinatosha, maana nyanya na nyama vinatoa maji yake. Mimi nakaanga kitunguu na vipande usiku mpaka viwe hudhurungi, naviivisha kabisa kabla sijazima jiko, vikipoa kidogo naviweka kwenye friji. Asubuhi navichemsha, ndiyo naweka chunguni na saumu, tangawizi na ndimu. Nyama iliyoganda barafu usiweke humo, inakaa vuguvugu muda mrefu na vijidudu vinazaliana.

Tui zito usilitie asubuhi, litakatika. Ukirudi, tia tui, uongeze konzi ya korosho mbichi zilizosagwa laini na maji, nusu saa tena. Mchuzi unakuwa mzito, unang'aa. Huo na ubwabwa, watoto watalamba sahani.

MamaKorosho: Ahsante shangazi, hiyo ya korosho sikuwahi kuifikiria, na magunia yapo ndani! Na umeme ukikatika mchana?

FundiLindi: Hilo ndilo la kuangalia. Cha kuzungusha swichi kinajiwasha umeme ukirudi, kwa hiyo jioni utakikuta cha moto kumbe kilipoa katikati ya mchana. Cha vitufe mara nyingi kinabaki kimezima. Kama jirani hajui umeme ulikatika muda gani, nyama hiyo mwaga. Inauma, lakini tumbo la mtoto linauma zaidi.

BintiNewala: Basi siku ambazo umeme unasumbua, mama, mpike jogoo jioni kwenye presha. Mimi nimemwona wifi anamwivisha jogoo mgumu kwa dakika 40.

MamaKorosho: Nimeelewa. Chungu ni cha jogoo, kuku wa kisasa nitamweka Jumamosi nikiwepo, kwa muda wa saa 4 tu. Presha nasubiri malipo ya korosho. Shangazi, hilo konzi ni la mkono wako au wangu?

ShangaziMikindani: La mkono wangu, mwanangu, kama nusu kikombe.